Mgeni Hana Injini Tena

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umezoea kuanza hivyo, na siwezi kuufundisha adabu nyingine leo.

Injini ya Mgeni, gari lako, nimeiuza. Nimeanza na hilo nisije nikalikwepa. Jana mafundi wawili wa Malindi waliifungua, wakaiviringisha kwenye magunia, wakaondoka nayo. Mama aliwapa chai. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya choo nikalia, maana pengine pa kulilia hapa hapana.

Uliondoka wakati wa kiangazi, Mgeni akiwa mzima. Yeye ndiye aliyekupeleka Golbanti kuzikwa, umelala kwenye kitanda kile kile ulichowalaza wagonjwa wa watu. Unakumbuka wale wazungu walivyoshindwa kulitoa Kombi lao kwenye udongo mweusi, wakakuachia ufunguo na kudandia lori? "Lina kitanda, lina jiko," ulimwambia Mama. "Nimekuletea mgeni." Mama akakujibu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nawe ukampa jembe kweli: wajawazito wa Wenje, wazee waliovunjika nyonga, na mke wa Mzee Guyo aliyejifungulia kitandani mle kabla hamjafika hospitali. Hukudai chochote ila mafuta. Na kila asubuhi, safari iwepo isiwepo, uliwasha injini ikaunguruma mpaka chai ichemke, kisha ukatangaza, "Mgeni ameamka."

Halafu zikaja mvua za Elnino. Tumezoea mto ufurike, utuachie tope, tupande mpunga. Safari hii ulikuja kama mtu aliyetukanwa. Tulipohama shambani, Mjomba Komora alimfunga Mgeni kwenye mti wa mkoma kwa kamba ya mtumbwi, akaiacha ndefu kama watu wa mto tunavyofundishwa tangu utoto, ili maji yakipanda chombo kipande nayo. Hakuna aliyembishia. Mama alimsifu kwamba kafunga vizuri. Kombi likaelea kweli, Baba. Likaelea na kujigonga kwenye ule mkoma mpaka ekseli ikapinda na gea boksi ikapasuka, kisha likajaa tope hadi madirishani. Ungekuwepo ungecheka kwanza, halafu ungetafuta spana. Mimi nilishindwa vyote viwili.

Nyumba ilikwenda na maji. Vijana walimkokota Mgeni hadi hapa Garsen, palipoinuka, nasi tukahamia ndani yake, mimi na Mama. Hapo ndipo gharama zilipotukaba. Mzee Guyo alituletea mtamba wa ng'ombe, akasema mke wake hakuzalia vumbini kwa sababu yako. Kwa bei ya mtamba yule, fundi aliosha injini, akatia pistoni na gasketi mpya, ikawaka. Mama alipiga vigelegele peke yake. Nami nikaanza kuiwasha kila asubuhi kama wewe, ingawa gari lenyewe halikuweza kusogea hatua.

Gea boksi ikabaki. Nilipouliza Malindi mara ya kwanza, bei yake ilikuwa ya ng'ombe mmoja. Nikauza mpunga, nikarudi, nikakuta imekuwa ya wawili. Waliniambia magari ya namna hii hayaletwi tena, na spea zikipatikana, kuzifikisha huku ni ghali kwa sababu njia haipitiki bila askari wa kusindikiza. Ningali nawatafuta hao wawili, betri ikafa. Nikanunua betri, matairi yakapasuka kwa jua. Nimesuka mikeka, nimeuza embe, nimewalilia watu wa kanisa mpaka wakiniona wanabadili njia. Nilichoziba hapa kilitobokea pale.

Na ng'ombe wenyewe hawapo. Baada ya maji ulikuja ugonjwa, mifugo ikafa. Mzee Guyo anatembea na fimbo yake lakini hana cha kuchunga. Alikuja akakaa mlangoni, akasema, "Mimi kama iko ng'ombe, nakupa. Lakini hakuna. Imekwisha yote."

Mwezi uliopita mtu wa Golbanti alikuja kugonga dirisha akiliulizia gari, mkewe ameshikwa na uchungu. Alikuwa hajui. Nilitoka nje nikamwonyesha magurudumu. Wakampeleka mkewe kwa mtumbwi, na mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anapita karibu na dirisha, naziba masikio.

Sasa masika yanakaribia. Turubai ya lile paa la gari la kuinuka imeoza, sakafu imetoboka, na kifua cha Mama kinakoroma kila hewa ikipoa. Ilinibidi nichague: Mgeni atembee siku moja nisiyoijua, au Mama asinyeshewe. Nimeuza moyo ili niezeke kichwa. Mabati yamefika, Mjomba Komora ndiye aliyeyapigilia kwenye nguzo juu ya gari, bila kuinua macho. Aliangusha misumari mara kwa mara na mimi nikawa naiokota.

Nimechoka, Baba. Watu wananiambia Mungu atafungua njia. Labda, ila sioni atapitia wapi. Gari lako halitaondoka hapa tena, na kuna mwanamke mwingine atakayeshikwa na uchungu huko mtoni, nami sitakuwa na la kumwambia mumewe.

Leo asubuhi, nikiwa nje napuliza moto wa chai, nilimsikia Mama akihangaika ndani ya gari, kule mbele. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako. Mama hajasahau kitu, usidhani. Injini aliiona ikiondoka kwa macho yake. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akakaa vile vile, mikono kwenye usukani, akingoja, mpaka maji yakachemka.

"Mgeni ameamka," akasema. "Lete chai."

Nikampelekea.

Buriani, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba gari litatembea, na uongo hukuupenda. Ninachoweza ni kidogo: maadamu Mama yu hai, ufunguo sitauchomoa pale, na chai haitachelewa.

Mwanao,
Hadulu