Boti Niliyoiwekea Nyumba Rehani

Mama Watoto,

Karani wa benki akirudi kupiga picha za nyumba, ~~usimfungulie~~ mkaribishe. Kosa si lake.

Ni langu. Niliweka hati ya nyumba rehani ili ninunue boti ya injini mbili, ilhali ile ndogo ilitulisha bila deni. Asubuhi uliponiuliza, "Baba Watoto, kwani tulilala njaa lini?" nilikukemea badala ya kukiri.

Nimekwenda kumsihi muuzaji aichukue boti yake na anirudishie fedha nilipe benki. Akikataa, benki itauza nyumba, na sijui tutahamia wapi. Watoto wale chakula, waende shule, wasiambiwe neno.

Bwenini, nilipokuwa shule, tulikiri makosa tukiwa tumesimama mbele ya wenzetu. Leo, mbele yako, nilitoka bila kukiri. Ndiyo maana nimeandika. Unisamehe.

Mumeo