Baba Mkwe Anaongea Juu ya Picha

Shangazi Yunis, salamu. Nakuandikia kutoka Mikumi, nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Nina banda la video karibu na stendi. Sikurithi kitu, nilianza kwa kuwakaangia mayai madereva wa malori, na tangu biashara ziruhusiwe nimepanda mdogo mdogo mpaka nikanunua televisheni, deki na jenereta, benchi saba zinajaa, hasa Jumapili ninapoweka picha za Kihindi za zamani. Tatizo ni baba wa mke wangu, Mzee Kornelio, ambaye enzi zake alizunguka na gari la sinema kwenye mashamba ya mkonge kule Rudewa akiwaelezea wafanyakazi picha kwa kipaza sauti, basi alipokuja kututembelea kutoka Chanzuru akakaa benchi la mbele akaanza kuongea, na wala hatafsiri, Shangazi, anasema yake: "Tazameni mvua hiyo, inamnyeshea stelingi peke yake, barabara nyuma yake kavu!" Mara, "Huyo mama anayelia, kwenye picha nyingine alikuwa mchumba wa huyo huyo, leo kawa mama yake!" Watu wanacheka, wanapiga kelele, "Kweli Mzee! We mwenye deki, rudisha nyuma tuone!" Nami narudisha, kanda inachakaa, petroli inaungua. Wimbo ukianza tu anainua mkono, banda zima kimya mpaka uishe.

Nilivumilia, maana mkwe hakemewi. Lakini Jumapili moja dereva mmoja mgeni akalalamika kwamba amelipa kutazama, hakulipa kusikiliza hotuba, nami nikasimama mbele za watu nikasema, "Baba, picha inajieleza yenyewe." Alichukua kofia yake akatoka, na asubuhi akapanda basi la Kilosa kurudi kwake Chanzuru. Wiki ile ile mke wangu Natalia akamfuata, anasema atarudi siku baba yake atakaporudishiwa heshima yake.

Sasa zinajaa benchi tatu. Picha zile zile, deki ile ile, na kila anayeingia anauliza, "Mzee yuko wapi?" Mimi ni mtu wa vitendo, nikanunua redio kaseti na kanda tupu, nikampa kondakta ampelekee, na maelekezo kwamba ajirekodi maneno yake yote ya ile picha ya mvua, niwe nayapiga wateja wakiyataka. Kondakta akarudi na mzigo wangu wote na jibu: "Mwambie mkwe wangu, anautaka mdomo wangu, mimi mwenyewe hanitaki."

Kosa langu ni lipi? Banda nimejenga kwa jasho langu, nisiwe na amri ndani yake? Nimkose mke kwa sababu ya maneno ya juu ya picha?

Urbanus, Mikumi

Urbanus, pole kwa kulala nyumba tupu. Sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma mara mbili na hadi sasa sijui picha hiyo inahusu nini. Umenieleza mvua, umenieleza mama aliyekuwa mchumba. Yaani hata wewe kilichokubaki kichwani ni maneno ya mzee! Picha mpya inajieleza, sawa. Ya zamani wateja wako wanaijua hadi mwisho, wanarudi ili mtu aliyeitazama kuliko wao awaonyeshe yaliyowapita. Na anayejua kunyamaza wimbo unapoanza si mpiga kelele. Anaipenda picha kuliko wewe unayeipigia hesabu ya petroli.

Dereva naye hakukosea, wapo wanaotaka kutazama kwa utulivu. Wape Jumamosi. Jumapili iwe ya mzee, na ubao wa nje useme hivyo, kila mtu aingie akijua. Neno hilo lingemalizika nyumbani, wewe ukalimalizia mbele za watu.

Halafu ukamtuma kondakta! Mkwe anapelekewa mzigo na maelekezo kama fundi redio? Ulipoposa ulimtuma kondakta? Mtafute mshenga aliyekuposea, mpande basi wote hadi Chanzuru, na usibebe hata kaseti moja. Shikamoo kwanza, samahani baadaye, ukiwa umekaa chini. Benchi zako usizitaje. Natalia usimbembeleze siku hiyo, mwache aone kwa macho yake.

Kurekodi ni wazo zuri, sauti kama hiyo inafaa wajukuu waisikie. Ila alitaje yeye mwenyewe, na iwe kwenye kanda yake, yenye jina lake. Usije ukarekodi juu ya picha ukafuta nyimbo, wanawake wa Mikumi watakufukuza mjini.

Akikataa kurudi bandani, nenda tena mwezi ujao, kaa naye, mpige soga. Mzee aliyeacha kwake Chanzuru akaja kukaa benchi la mbele hakuja kutafuta kazi kwako. Alikuja kutazama picha na mkwewe. Jumapili hii funga banda, uende.

Shangazi Yunis