Mfuko Niliojishonea

Jumatano, 10 Julai 1974
Cherehani tangu asubuhi. Sare za shule nimeziweka kando, wateja wakitaka wakasirike. Nashona mfuko wa kulalia. Blanketi mbili, katikati sweta kuukuu nilizokatakata, nje kitambaa kizito cha hema. Kifua changu hakitaki mchezo. Mwaka jana nimonia ilinilaza hospitali mpaka mama akaanza kulia mbele yangu.

Safari yenyewe siitaki. Ni ya bosi wa mume wangu Wachira, Bwana Mutahi. Alisoma ng'ambo, akarudi na mahema. Sasa anataka yeye na mkewe na sisi twende mlimani tulale nje. Mwezi wa saba! Hapa Skuta kwenyewe ukungu hautoki mpaka saa sita. Watu wazima wenye nyumba zao, tukalale chini kama ng'ombe. Lakini Wachira anatafuta cheo cha usimamizi wa stoo, kwa hivyo mume wangu siku hizi anapenda mlima.

Ijumaa, 12 Julai
Jana nililala nyuma ya nyumba kuujaribu mfuko. Jirani alicheka sana. Acheke. Mara ya kwanza nilitetemeka, baridi ikipanda kutoka ardhini. Nikaamka, nikatandika magunia na majani makavu ya mahindi chini yangu. Nikalala mpaka jogoo.

Nimefurahi. Wiki hii sijafurahi sana, kwa hivyo naandika.

Nilitaka kumshonea Wachira wake. Akasema yeye si mgonjwa, blanketi mbili zinamtosha.

Jumapili, 14 Julai
Niko kwenye jiwe nje ya hema. Jua limetoka kidogo. Nina baridi, na nina hasira.

Jana tulipanda kutoka Naro Moru, tukapita mianzi, mvua juu yetu. Bwana Mutahi alikuwa amefunga matandiko yake juu ya mzigo bila kuyafunika. Yakalowa chepechepe. Jioni nilienda mtoni kuchota maji ya uji. Kurudi, mfuko wangu haupo.

"Nimempa Bwana Mutahi," Wachira akasema kwa sauti ya chini. "Yake yamelowa."

"Na mimi?"

"Utachukua blanketi moja yangu. Nyawira, tafadhali, usiniaibishe."

Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea supu hospitali. Anajua.

Nilivua nguo zenye unyevu, nikavaa kavu zote nilizokuwa nazo. Leso kichwani. Maji moto kwenye chupa, chupa ndani ya soksi, nikaikumbatia tumboni. Nyasi kavu hakuna, mvua ilikuwa imezilowesha zote. Nilijikunja. Chupa ikapoa. Miguu nikawa siisikii. Halafu kikohozi kikaanza, kile kile cha mwaka jana. Wachira alikisikia. Najua alikisikia kwa sababu aliacha kukoroma. Akageukia upande wa pili.

Hapo nikatoka. Nikapiga hodi kwenye hema la bosi.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Nyawira. Bwana Mutahi, huo mfuko ni wangu. Nimekuja kuuchukua."

"Lakini Wachira aliniambia uko na miwili!"

"Niko na mmoja. Na niko na kifua kibaya."

Kisha sauti ya mkewe: "Baba Njeri, toka humo sasa hivi. Kuja hapa kwangu." Akautoa mfuko mwenyewe, akanishika mkono, akasema, "Ngai! Huyu mama ni barafu." Akanichemshia maji tena.

Wachira hakutoka hemani.

Jumatatu, 15 Julai
Tumerudi nyumbani kwa gari. Bwana Mutahi alitushusha, akaniomba msamaha mbele ya mume wangu. Mlango ulipofungwa Wachira akaniambia, "Umeniharibia kazi."

Nikatoka kwenda zahanati. Ningefungua mdomo, majirani wote wa Skuta wangenisikia.

Zahanati wamesema kifua kimeshikwa kidogo tu. Sindano, na nisitoke kwenye baridi. Kidogo tu. Na je, kama ningengoja mpaka asubuhi?

Alhamisi, 18 Julai
Wachira amerudi mapema, hajavua hata koti. Ile nafasi ya stoo imepewa mtu kutoka Kagio. Walikuwa wameshaamua kabla hatujapanda mlima. Bwana Mutahi mwenyewe alijua.

Bure! Wachira alinilaza kwenye baridi bure kabisa. Nikacheka, cheko baya, mpaka kikohozi kikanishika. Halafu nikakasirika zaidi, maana nilijiuliza: na kama angepewa hicho cheo? Ingekuwa halali? Nimemwambia hivyo hivyo. Ametoka nje.

Nimehamia chumba cha cherehani. Nalala humo.

Jumapili, 21 Julai
Sikwenda kanisani. Wachira pia hakwenda. Nilikaa jikoni kumenya viazi, yeye akaja akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili. Tangu tuoane hajawahi kumenya kiazi. Nusu ya kiazi inaondoka na ganda.

Kwenye kiazi cha tatu akasema, "Nilikuwa namwogopa."

"Mimi nilikuwa naogopa kufa."

Aliinamisha kichwa. Hakusema ati sivyo, hakusema nimezidisha. Macho yalikuwa yamelowa, na hatukuwa na vitunguu.

Sijamsamehe. Usiku huu bado nalala chumba cha cherehani.

Tulimenya mpaka sufuria ikajaa.