Siku Baba Alipotoka Ukumbini

Kibondo,
9 Machi.

Mpendwa kaka Tharsisi,

Kabla sijakuuliza habari ya afya yako, acha nikitoe kwanza hiki kilichonikaa kooni, maana nikianza na salamu nitaogopa njiani. Watu wote wanajua baba alisusia kikao cha bajeti kwa hasira ya deni. Si kweli. Alitoka kwa sababu yangu. Sijamwambia mtu, hata mama.

Sasa salamu. U mzima? Kifua kinaendeleaje na vumbi la huko Nyarugusu? Yule mpishi wenu Mkongo bado anawamwagia mawese kwenye kila kitu, au mmeshamzoea? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema mwidiwe, na anauliza kama yale maharage yalifika salama. Mihogo imesimama vizuri, mvua hazijatunyima. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu ni moja, ya baba, na vocha yake huisha kabla maneno hayajaanza.

Ulisikia kwamba halmashauri ilitaka kukopa benki ijenge stendi mpya. Nyaraka za mkopo zilikuja kwa Kiingereza, baba akaniletea jikoni nimsomee kwa Kiswahili, eti mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilipofika mahali panaposema deni litalipwa kwa ushuru wa soko kwa miaka kumi, na kwamba fedha ya kupaua zahanati yetu itahamishiwa kwenye stendi, akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akauliza, hivi mtu akikopa ajenge pa kungojea basi huku mkewe anajifungulia njiani, huyo amejenga au ameikimbia nyumba yake?

Boma la zahanati unalijua, mawe ya msingi ulibeba mwenyewe kabla hujaondoka. Watu walifyatua tofali na kuchoma, akina mama wakapandisha maji kutoka bondeni, likafika kwenye lenta, juu ya milango. Serikali ikasema hapo inatosha, kupaua ni kazi yake.

Madiwani wa chama chetu ni wanne tu, baba akiwemo. Walikutana dukani kwa Badru, yule muuza vitenge ambaye sasa ndiye katibu wa chama. Vijana wa chama walitaka wote wanne watoke ukumbini na mabango, wapigwe picha, mtandao uwake. Badru alikataa. Alisema wabaki, waombe mkopo usubiri mpaka zahanati ipauliwe, na wakishindwa wapige kura ya hapana ili iandikwe. Kijana mmoja akamtania kwamba anapenda wabaki kwa ajili ya maandazi ya kikao. Badru akamjibu kwamba maandazi yale hata mbuzi wake hali. Walicheka lakini hawakukubaliana, wakamwachia baba aamue, kwa kuwa ndiye mkubwa wao na ndiye angesimama kuzungumza.

Baba akaja kuniuliza mimi. Mimi, kaka! Nilikuwa nachambua mchele. Aliniambia, mwana wanje, wewe umesoma, wenzetu wa mijini hufanyaje? Nikamjibu kwamba hutoka. Nikasema kubaki ni kukubali, kutoka ndiko kunakoiuma serikali. Niliyasema kwa sauti ya mwalimu kabisa. Asubuhi akavaa koti lake la kijivu akaenda.

Walitoka. Picha ikasambaa, wakamwita jembe. Huku nyuma mkopo ulipita chai haijaletwa. Wiki iliyofuata Mheshimiwa Asmahani, diwani wa chama tawala, alimkuta mama sokoni, akamwambia bila kuzunguka kwamba mumewe amewaacha njiani. Alisema upande wao walikuwepo kadhaa wasioutaka mkopo ule, ila hawawezi kuwa wa kwanza kufungua mdomo mbele ya wakubwa wao. Walikuwa wanamsubiri baba aanze, wao wamuunge mkono. Wakatazama kiti kitupu, wakanyoosha mikono kama wenzao. Mama alipotusimulia, baba alinawa mikono na ugali bado umejaa sahanini.

Juzi kona ya boma imeanguka. Udongo ulioshika tofali umelainika kwa mvua. Baba alikwenda kuokota tofali na kuzipanga pembeni, nami nikamsaidia. Akapita mama mmoja ana mtoto mgongoni, akamuuliza, mheshimiwa, hapa napo utatoka saa ngapi? Baba alicheka. Mimi nilikuwa karibu naye, nikamwona akiokota tena tofali aliyokwisha kuipanga.

Kaka, lile lenyewe ni hili. Sikumwambia atoke kwa ajili ya siasa. Unaikumbuka ile video ya mwaka jana, baba yuko kwenye kikao anasema hera za wananchi, mirioni mia mbiri? Shuleni waliiwekea mdundo. Nikiingia darasani wanaimba hera, hera, mpaka mwalimu mmoja akageukia ubao ili acheke. Nawe unanijua, nikitazamwa tu nasahau hata jina langu. Kwa hiyo baba aliponiuliza sikuwaza deni wala zahanati. Niliwaza kwamba atasimama tena, atafungua mdomo, nami nitaimbiwa mpaka mwisho wa muhula. Anayetoka hazungumzi. Basi, ni hilo tu. Nilimsomea Kiingereza chote kile, kisha nikamwonea haya Kiswahili chake.

Angenigombeza ningepumua. Lakini jana Badru alikuja kumwambia kwamba Jumatatu mkataba unarudi kikaoni kabla ya kusainiwa, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuomba fedha ya bati irudi. Baba akasema watatoka tena. Badru akashika kichwa. Baba akamwambia ushauri wa Pelagia ulikuwa sahihi, kosa ni lake yeye aliyetoka kimya kama mwizi. Akataka safari hii nimwandikie tamko zuri alisome mlangoni. Alisema mbele ya mgeni, mtoto huyu hawezi kunipotosha.

Nisalimie wifi Claudine, mwambie kitenge chake mama amekishona na dereva wa Kasulu atakuja nacho pamoja na barua hii. Mbusu mtoto. Mungu awatunze, na usinichukie.

Nasikia ndala zake uani, anakwangua tope. Anakuja kuchukua tamko, na sijaandika hata mstari. Mkono umekwenda wenyewe ukaifunika karatasi hii kwa kitabu cha Jiografia. Nimekiondoa. Hii ndiyo nitakayompa. Ikikufikia, ujue baba ameisoma kwanza.

Mdogo wako,
Pelagia