Kulwa Wawili

Ilemela, Mwanza

Dada yangu Kulwa,

Ulinitangulia duniani kwa robo saa, na kwa robo saa hiyo nakuamkia: shikamoo. Cheka tu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na tumbaku, safari hii mvua imewaachia mkavune, au majani yameozea shambani tena? Mimi mwili sijambo. Nimenenepa hata, maana mtu asiye na kazi hula kila anapopita jikoni.

Ndiyo, kazi imekwisha. Afadhali usikie kwangu.

Walikuwa wanahakiki vyeti vya watumishi wa serikali. Ofisa mmoja mpole, mwenye miwani, alinijia masjala na kompyuta yake. "Mama, humu wapo Kulwa wawili. Mmoja Mwanza, mwingine Urambo. Siku moja, baba mmoja, mama mmoja. Wewe ni yupi?"

Nikajibu upesi, nikidhani nimejiokoa: "Mimi ni yule wa pili."

Akavua miwani. "Wa pili si huitwa Doto?"

Masjala nzima ilicheka. Miaka ishirini na mbili nimejificha, halafu nikajikamatisha kwa sentensi moja ambayo mtoto wa chekechea angeikwepa. Ulisema zamani kwamba kichwa changu ni cha kubebea ndoo tu.

Kumbuka uliponiandikia ukitaka cheti chako cha kidato cha nne. Mwanao Neema alikuwa ameacha kunyonya, nawe ulitaka kuomba chuo cha uuguzi. Nilikujibu kwamba labda mchwa wamekila sandukuni mwa Baba. Mchwa ni mimi. Nilikitoa humo siku ile ninasafiri, na wakati unaandika nilikuwa nimeshaajiriwa nacho. Picha ilikuwa yako, nani angetutofautisha? Mimi mtihani ule nilifeli hata Kiswahili.

Uliniamini. Ukaendelea kulima tumbaku.

Lipo baya zaidi. Huku Usukumani, ukisema unaitwa Kulwa, swali la pili ni hilohilo: "Na Doto yuko wapi?" Huuliza bosi, huuliza muuza nyanya. Mwanzoni nilijibu yupo nyumbani. Kisha nikaogopa kwamba siku moja watamtafuta, nikaanza kusema alikufa. Surua, tukiwa wadogo. Watu wakanipa pole. Nimepokea pole za msiba wangu mwenyewe, dada, na mara nyingine nililia kweli.

Sasa naanika dagaa ufukweni na akina mama. Juzi mwenyekiti wao, Mama Nyanjige, aliniuliza jina aliandike kwenye daftari la kikundi.

"Doto," nikasema.

"Haya. Na Kulwa yuko wapi?"

"Yupo Urambo. Angekuwa muuguzi. Nilimla."

"Ulimla?"

"Nilimla."

Akanitazama, akaandika. "Haya, Doto, kageuze dagaa wa upande ule, kabla kunguru hawajakusaidia."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu niondoke kwetu, mtu kunituma kwa jina langu. Sikufurahi. Nina miaka arobaini na tatu na jina langu linanibana kama kiatu kipya. Lakini nikaenda, nikawageuza.

Nisalimie Mama. Nisalimie Neema, mwambie mama yake mdogo anamwonea aibu. Nisalimie na mjomba mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa akitamba kwamba ana mpwa serikalini, apunguze sauti.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Watakuja watu kukuuliza kama cheti ulinipa au nilikichukua. Mama atakuomba useme ulinipa. Namjua: "Mapacha hawashitakiani," na machozi juu. Usikubali. Ukisema ulinipa, kosa litakuwa letu sote, na nimeshakula vyako vya kutosha. Mimi watanipeleka wanakotaka. Nimeshaongea na Mama Nyanjige, amesema nafasi yangu kwenye kichanja cha dagaa hataigawa.

Waambie Doto alikuibia. Wakiuliza Doto ndiye nani, waambie yu hai, yupo Mwanza, na anwani ni hii hapa juu.

Pacha wako,
Doto