Figo ya Kuume

Siku ya posho, 4 mai 1974
Mbuzi ine leo. Soko ya Kadutu imejaa. Nimepasua, nimetundika, mafigo nimeacha ndani na mafuta yake. Patron, mwenye mbuzi, hataki zitoke mbele ya nyama kuisha. Mukiriya akiona figo imefunikwa na mafuta, anajua mbuzi ilinona.

Nabintu, jirani yetu, amekuya. Anasoma kazi ya infirmière, ya kutunza bagonjwa. Kwa masomo yabo picha ya mwili ni mubaya, njo anakuyaka kuangalia mbuzi zangu. Nikamuonyesha: mafigo inalala nyuma kabisa, kwa ukuta ya mugongo, juu ya file, ile nyama laini ya ndani. Ya kuume iko juu, upande ya kichwa, inagusa maini. Ya kushoto inashuka.

Leo hakukuya peke yake. Alikuya na Mweze, anasoma budaktari, amevaa koti ya abacost mupya. Akacheka: "Citoyen boucher, wewe mukata nyama, mutu si mbuzi! Kwa mutu, ya kuume njo iko chini."
Nabintu naye akacheka.
Ninamuchukia. Hata meno yake.

Siku ya yenga, 5 mai
Kisha misa nimebaona babili kwa mutaa ya Muhumba. Mweze anamubebea Nabintu mwamvuli. Hata mvua haiko.
Sikula.

Siku ya kwanza, 6 mai
Nabintu peke yake. Examen yake, mutihani ya mudomo, ni siku ya ine.
"Yaya, sema kweli. Wewe unapasuaka kila siku. Mutu na mbuzi ni moya?"
"Ni moya. Mweze hajapasua hata kuku."
Mimi sijui mutu iko namna gani ndani. Nilisema vile juu Mweze alisema kinyume. Akaniamini, akaandika. Nilisikia furaha mubaya.
Yaya. Sitaki kuwa kaka yake mukubwa.

Siku ya tatu, 8 mai
Papa mumoja infirmier ananunuaka matumbo kwetu. Nikamuuliza.
"Eh mutoto, kwa mutu maini inasukuma figo ya kuume chini. Mbuzi yee, tumbo yake kubwa njo inasukuma ya kushoto."
Kisu ikabaki mukononi. Kesho Nabintu atasema uongo yangu mbele ya balimu.
Nikienda kumuambia, Mweze anashinda. Nilizunguka na ile mawazo mpaka nyama ikaisha.

Nimeenda kwabo Nabintu. Mweze alikuwa pale, kwa kiti, na chai. Nikasema mbele yake: nilidanganya.
"Juu ya nini ulinidanganya, yaya?" Nabintu akauliza.
Mweze yee akacheka. "Basi vua shati, citoyen. Tunakosa mugongo ya kuchora."
Nikavua. Nabintu akachora na makaa: mbavu ya mwisho, figo ya kushoto, kisha ya kuume chini kidogo. Mweze anamuongoza. "Hapa diaphragme, ya kupumulia. Hapa psoas, ile boucher anaita file." Vidole ya Nabintu ilikuwa baridi.
Haya ilinishika. Nilichukia sauti ya yule mutu. Sikutaka imalizike.

Siku ya ine, 9 mai
Mama ya Nabintu anapiga vigelegele kwa lupango, ndani ya kiwanja yabo. Nabintu amepita examen. Balimuuliza mafigo.

Siku ya posho, 11 mai
Nabintu na Mweze bamekuya kununua nyama ya fete, karamu ya examen. Nimekata mafigo mbili, na mafuta yake, nimetia juu ya nyama ya Nabintu. Patron amefoka, nyama ya ile mbuzi ilikuwa haijaisha.
"Aksanti, yaya. Utakuya kunywa?"
Nikasema niko na kazi.
Maman ananiuliza juu ya nini shati zangu ziko nyeusi nyuma. Bado sijaoga mugongo.