Mbuta wa Shemeji

Mjukuu wangu Otieno,

Huku Seme tuko wazima, bibi yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama samaki amewahi kunishinda. Samaki? Mimi? Hapana.

Lakini miaka ya themanini kaka ya bibi yako alikuja kutoka Nakuru na fimbo yake ya kuvulia. Alitaka mbuta mmoja tu kabla ya kurudi kesho yake. Nikampeleka ziwani kwa mashua. Mbuta akashika, mzito kama kondoo, na shemeji akawa anamwachia mshipi aende.

"Vuta, bwana! Unavua au unachunga?"

"Mwache achoke kwanza, shemeji."

Mimi nimevuta mbuta kwa mikono tangu ujana. Nikanyakua mshipi, nikavuta. Ukakatika. Hatukupata mwingine.

Nyumbani bibi yako akauliza, "Samaki yuko wapi?"

Shemeji akanawa mikono polepole. "Mshipi wangu ulikuwa umechakaa. Bila bwana yako, huyo mbuta angenitupa majini."

Watu wote wakanisifu. Nikala ugali kimya, na wewe unajua mimi si mtu wa kunyamaza.

Babu yako,
Owino